Maji ya Tisini na Nne

Mwezi uliopita binti yangu aliniletea hapa Embu mjini birika la umeme kutoka Nairobi, lile la kioo lenye taa ya buluu na kidirisha kidogo kinachoonyesha joto la maji. Tuliliweka mezani tukasimama mbele yake kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Namba zikapanda: sabini, themanini, tisini. Zilipofika tisini na tano maji yakaanza kurukaruka, mvuke ukatoka mdomoni, na namba ikakaa pale pale. Binti yangu akakunja uso. "Mama, wameniuzia kitu kibovu. Hakifiki mia. Kesho nakirudisha." Nilimwambia asirudishe chochote. Nilisema kwa ukali ambao hakuutarajia, hata mimi sikuutarajia, kwa sababu mle ndani ya kioo sikuwa naona birika. Nilikuwa naona sufuria nyeusi juu ya mafiga matatu nyuma ya darasa la sita, na kundi la watoto waliovaa sweta zenye mashimo viwikoni.

Kwetu ni juu ya Kianjokoma, karibu na msitu, pale mashamba ya majani chai yanapoishia na giza la miti kuanza. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia nyumbani kabla ya wageni. Ukiamka unasikia moshi wa kuni za mti wa mkima ambazo hazijakauka vizuri, halafu harufu ya maziwa yanayopanda, halafu majani yenyewe, na hapo ndipo unajua kumekucha, hata kama huoni mlango. Tulikuwa tunachuma chai siku nzima na kunywa chai siku nzima, lakini nyumbani kwetu chai haikuwa jambo la amani.

Sababu ilikuwa Cucu, mama yake baba. Mimi ndimi niliyepewa jina lake, Wawira, kwa hiyo hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita wajina. Cucu hakuwa mtu wa milimani. Aliolewa huku kutoka Mbeere, kule chini karibu na Ishiara, kwenye jua na mbuzi, na ingawa alikuwa amezaa watoto saba katika baridi yetu, kuna mambo alikataa kuyazoea. Mama alikuwa anamletea chai ikitoka motoni, moshi ukifuka. Cucu anaonja, anaweka kikombe chini, anasema, "Chai hii haijafika."

"Imechemka mpaka ikamwagika, Mama," mama yangu anajibu.

"Kuchemka imechemka. Kufika haijafika. Kwetu chai ikitoka motoni unashika kikombe kwa leso na bado unamwomba Mungu."

Mama alikuwa anarudi jikoni amefunga mdomo. Mkwe akiambiwa chai yake haijafika, anasikia kwamba ni yeye ambaye hajafika. Sote tulijua Cucu ni mzee tu anayekumbuka kwao, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kwamba anasema jambo la kweli.

Baba naye alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo yalihusu mia moja. Muhula mmoja nilimletea karatasi ya hesabu yenye alama tisini na nne. Nilikuwa wa kwanza darasani. Aliishika karatasi kwa vidole vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu wa majani chai, akaitazama, akauliza, "Na hizo sita umeziacha wapi?" Leo najua alikuwa anatania. Alitabasamu hata. Lakini mtoto husikia maneno kabla hajaona uso, nami nililala nikizitafuta zile sita.

Siku ya somo lenyewe Mwalimu Nyaga alituhamishia nje. Alikuwa kijana aliyetoka chuoni juzi tu, na alivaa tai hata siku za kulima shamba la shule. Tulimpenda sana. Shule ilikuwa na kipimajoto kimoja, kikikaa kwenye kisanduku cha mbao ndani ya kabati la ofisi ya walimu, kimelazwa juu ya pamba kama kifaranga mgonjwa. Alikitoa mbele yetu polepole, akakifunga kwa uzi kwenye kijiti, akakitumbukiza ncha ndani ya sufuria ya maji.

"Wawira, wewe una macho. Njoo usome."

Nilichutama moshini. Ule mstari mwembamba wa rangi ya fedha ulipanda, ukapanda, maji yakaanza kutoa mapovu, ukasimama.

"Tisini na nne, Mwalimu."

"Bado hayajachemka. Ongezeni kuni."

Kuni zikaongezwa. Sasa maji yalikuwa yanaruka nje ya sufuria na kulia kwenye makaa, hakuna mtu angesema hayajachemka.

"Haya, sasa?"

"Tisini na nne."

"Soma vizuri."

"Ni tisini na nne, Mwalimu. Haisongi."

Alikuja, akachutama kando yangu mpaka tai yake ikagusa majivu. Alitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, na nilimwona akiona. Kisha akasimama, akapangusa magoti. "Kifaa hiki ni cha zamani," alisema. "Andikeni: maji huchemka kwa digrii mia moja."

Watoto thelathini na kitu wakainamisha vichwa wakaandika mia moja. Mimi niliandika tisini na nne.

Kesho yake daftari langu lilirudi na alama ya kosa nyekundu iliyokata ukurasa mzima. Mwalimu Nyaga aliniita mbele. "Hiki ni nini?"

"Ni kile tulichoona, Mwalimu."

"Mtihani hautakuuliza ulichoona. Utakuuliza maji huchemka kwa digrii ngapi. Rudi uandike masahihisho."

"Sitaandika."

Wenzangu wote wakainua vichwa kunitazama. Ningependa kusema kwamba nilikuwa shujaa wa sayansi, lakini haikuwa hivyo. Niliyaonea huruma yale maji. Nilikuwa nimekaa nayo motoni, nikayaona yakijitahidi, yakiruka, yakilia, yakitoa kila kitu yalichokuwa nacho, na bado yakafika tisini na nne. Nilijua vile inavyouma. Na katika akili yangu nilikuwa nimeshapata sababu: yalikuwa maji yetu. Yalitoka mto wetu, yamepashwa na kuni zetu za kuokota, ndani ya sufuria yetu iliyotoboka na kuzibwa. Niliamini kwamba mjini, kwa watu wenye jiko la gesi, maji yalifika mia bila taabu. Yetu yalikuwa maji ya watu maskini. Niliona aibu kwa hilo. Lakini kama hayakufika, basi hayakufika. Sikutaka yaandikiwe alama ambazo hayakupata.

Adhabu yangu ilikuwa ya busara, kwa namna yake. Kila somo la sayansi nilitolewa nje, nikapelekwa kwenye kibanda cha jikoni kuwapikia walimu chai, mpaka siku nitakayoandika masahihisho. Siku tatu zikapita, kisha wiki moja, kisha mbili. Nilikuwa nasikia kupitia mabati darasa likisoma habari za mfumo wa chakula, na mimi napuliza moto machozi yakinitoka kwa moshi. Kila asubuhi Mwalimu Nyaga alikuja kuchukua birika, akauliza, "Umeandika?" Nami najibu, "Bado, Mwalimu." Hakuwahi kunipiga. Nadhani hilo lilinifanya nishikilie zaidi.

Mwishowe baba akaitwa shuleni. Jioni ile alikaa kwenye kigoda jikoni bila kuvua koti.

"Andika hiyo mia, yaishe," alisema. "Ni neno moja tu."

"Si kweli, Baba."

"Sikukuuliza kama ni kweli. Mwaka ujao uko darasa la saba. Unataka ufanyie mtihani wako jikoni?"

Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya woga, na sikuwa nimewahi kumsikia baba akiogopa. Nilikaribia kukubali. Lakini Cucu, aliyekuwa anapukuchua maharagwe upande wa pili wa moto, aliinua kichwa.

"Hiyo mia wanayogombania na mtoto ni ya nini?"

Nilimweleza. Nilimwambia kuna kitu cha kioo ambacho ukikitia kwenye maji kinakuonyesha moto wake umefika wapi. Mikono yake ikasimama.

"Yaani kuna kitu cha kupima kama chai imefika?"

"Ndiyo, Cucu."

"Na kimesemaje?"

"Kimesema maji yetu hayafiki."

Alimgeukia mama, aliyekuwa ameshika mwiko, kisha akamgeukia baba. Sijawahi kuona uso uliokaa na jambo moja kwa muda mrefu hivyo ukifunguka ghafla. "Tangu nilipoletwa kwenye nyumba hii," alisema, "nimekuwa nikisema." Kisha akaniambia, "Wajina, kitu hicho nakitaka."

"Ni cha shule."

"Sikusema ukiibe. Nimesema nakitaka."

Jumamosi ile Cucu alikuwa ateremke Mbeere kumsaidia dada yake kuvuna ndengu, na mimi nilikuwa nimsindikize. Ijumaa baada ya kuosha vikombe vya walimu nilikuta kabati halijafungwa. Sitadanganya kwamba nilifikiri sana. Nilikiingiza kile kipimajoto ndani ya mkono wa sweta, nikakipeleka nyumbani nimenyoosha mkono kama mtu aliyevunjika. Cucu akaagiza mama aweke maji motoni. Yalipochemka nilimwonyesha mstari ulipokoma. Hakujua kusoma namba, kwa hiyo alifanya alichojua: alichomoa uzi mweusi kwenye pindo la leso yake, na kwa vidole vyake vilivyokuwa havihofii mvuke, akaufunga kwenye kioo mahali pale pale, fundo dogo, akaukata kwa meno.

"Huyu ni wa hapa," alisema. "Kesho tutamtafutia mwenzake."

Tulishuka kupitia Runyenjes na Karurumo, na kila tulipoteremka nilivua kitu: kwanza leso, kisha sweta, kisha viatu. Kwa dada yake Cucu ardhi ilikuwa nyekundu na imepasuka. Nyumba ilikuwa ya udongo, maji yaliletwa na punda kutoka mbali, yakiwa na rangi ya chai kabla hayajatiwa chai. Nilitazama kila kitu kwa moyo mzito. Watu hawa walikuwa maskini kuliko sisi. Kama nilivyokuwa nimeelewa mambo, maji yao yangekoma themanini.

Dada yake Cucu aliwasha moto wa kuni za miiba, moto mkali usio na moshi. Nilishika kijiti kwa mikono miwili. Mstari ukapanda. Ukafika kwenye uzi mweusi, na maji bado yalikuwa yametulia. Ukaupita. Tisini na tano. Tisini na sita. Kisha maji yakapasuka yote kwa pamoja, na mstari ukakaa.

"Tisini na saba!" nilipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia. "Cucu, ni tisini na saba!"

"Umepita uzi?"

"Umepita!"

Alichutama kwa taabu, magoti yakilia, akaangalia mwenyewe. Akafunga uzi mwekundu. Kati ya ule mweusi na ule mwekundu palikuwa na nafasi ya urefu wa punje ya mchele, basi. Punje moja ya mchele ndiyo iliyokuwa imewagombanisha mama na Cucu miaka yote hiyo.

Kisha chai ikapikwa. Nilishika kikombe kama nilivyozoea kukishika nyumbani, nikanywa kama nilivyozoea kunywa, na nikaunguza ulimi mpaka nikaruka. Wale akina mama wawili walicheka hadi wakashikana. Cucu alifunga mkono kwa leso, akainua kikombe chake, akavuta funda moja kwa sauti, akafumba macho. "Hii imefika," alisema, na sikuweza kujua kama alikuwa akiniambia mimi.

Jumatatu, tulipopanga mistari asubuhi, mwalimu mkuu alishika kisanduku cha mbao kikiwa wazi na kitupu. Alisema darasa la sita lote litapiga magoti kwenye changarawe mpaka mwizi ajitokeze. Nilikuwa nimepanga kukirudisha kimyakimya wakati wa chai. Nilitazama wenzangu wakianza kushuka chini mmoja mmoja, na msichana aliyekuwa mbele yangu alikuwa na kidonda gotini. Nikatoka kwenye mstari.

"Ni mimi," nilisema. "Lakini sikukiiba. Nilienda kupima."

Nilipigwa viboko vinne mbele ya shule nzima, na sisemi havikuuma. Nilipotoa kipimajoto kwenye sweta, Mwalimu Nyaga ndiye aliyekipokea. Akakigeuzageuza.

"Hizi nyuzi ni za nini?"

"Ule mweusi ni hapa kwetu, Mwalimu. Ule mwekundu ni Mbeere."

Alikirudisha kwenye pamba na nyuzi zake zikiwa bado zimefungwa.

Siku tatu baadaye alikuja kwenye kibanda cha jikoni kabla ya wakati wa chai. Alikuwa na kitabu kinene alichoazima Embu mjini, na macho ya mtu ambaye hakulala vizuri. Aliketi juu ya gogo la kuni akiwa na tai yake. Alitia kipimajoto ndani ya sufuria yangu, akangoja, akasoma kwa sauti: "Tisini na nne." Kisha akanieleza polepole, akionyesha kwa mikono. Hewa ina uzito, alisema. Kule chini hewa ni nzito, inayakandamiza maji, mpaka yapate moto mwingi ndipo yaweze kuchemka. Pwani kabisa, baharini, ndiko yanakofika mia. Kadiri unavyopanda mlima hewa inakuwa nyepesi, na maji yanachemka mapema.

Nilimsikiliza, lakini nilikuwa na swali moja tu, na nililiuliza nikiangalia moto.

"Kwa hivyo si kwa sababu sisi ni maskini?"

Alifunga kitabu. "Nani alikuambia hivyo?"

"Hakuna."

"Hapana, Wawira. Ni kwa sababu tuko juu."

Nimeishi na maneno hayo. Nimeyabeba kwenye mitihani, kwenye kazi, kwenye nyumba za watu waliodhani nimetoka mahali ambapo vitu havifiki. Lakini siku ile kilichonigusa zaidi ni kile alichosema alipokuwa anainuka, mgongo umenigeukia.

"Siku ile nilikiona. Niliona tisini na nne kama wewe. Nikaogopa kitabu."

Kisha akauliza ni nani aliyefunga nyuzi. Nilipomwambia, alinituma nyumbani na ujumbe.

Cucu alikuja shuleni siku iliyofuata amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Baba alimsindikiza, akabaki amesimama mlangoni na kofia mkononi. Cucu hakuwa amewahi kuingia darasani maishani mwake. Mwalimu Nyaga alimpa kiti chake mwenyewe, akatuambia, "Fungueni madaftari. Mtihani ukiwauliza, mtaandika mia moja, kwa sababu mtihani unauliza habari za baharini. Leo tunajifunza habari za hapa, na mwalimu ni huyu." Akashika chaki, akasimama kando ya ubao.

Cucu alitutazama sote, bila haraka. "Maji ya huku kwenu," alisema kwa Kiembu, "yana hasira za mtoto. Yanapiga kelele kabla hayajapata moto. Kwa hiyo mtu wa huku asiipue chai kwa sababu imesikika ikipiga kelele. Aiache pale motoni, majani yatoe kila kitu yalichonacho. Na maharagwe vilevile. Mkwe wangu hakuwa mvivu. Nilimkosea."

Chaki ilikuwa inalia ubaoni. Ilipotulia, Cucu akageuka kwenye kiti.

"Umeandika nini hapo?"

Mwalimu Nyaga alimsomea: milimani maji huchemka kwa joto la chini, kwa hiyo chakula huchukua muda mrefu zaidi kuiva.

Cucu akatikisa kichwa. "Sikusema hivyo," alisema. "Nimesema yana hasira za mtoto, na nimesema nilimkosea mkwe wangu. Futa, uandike nilivyosema."

Mwalimu Nyaga alitazama ubao, akamtazama Cucu, akachukua kifutio.